Nasaha za Nyumbani: Neno Lipitalo Mdomo kwa Mdomo



Mwezi uliopita tulizungumza katika ukurasa huu juu ya mtoto anayeanza chuo. Leo twataka kurudi nyuma kidogo, tuzungumze juu ya mama yake, na juu ya muda anaouhitaji kupumzika kabla ya kuchukua mimba nyingine. Twajua ya kuwa wako watakaoona haya kuyasoma maneno haya mbele ya wana wao. Lakini wazee walisema, mficha uchi hazai, na Bibi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Basi nasi tutasema kwa adabu, lakini tutasema.

Sisi twakaa Malindi, katika milima ya Usambara, wilaya ya Lushoto. Msomaji wa Mombasa asituchanganye na Malindi ya pwani ya Kenya, wala wa Unguja asidhani twasema mtaa wake wa Malindi. Yetu ni Malindi ya baridi na ukungu, ya kabichi na viazi na maharage, na mashamba yaliyo juu ya miteremko mikali. Nyumba moja iko upande huu wa bonde na nyingine iko ng'ambo. Waweza kumwita jirani naye akakuitika, lakini kumfikia yataka kushuka mpaka kijitoni na kupanda tena, na mvua ikinyesha njia ni utelezi mtupu. Msomaji aiweke moyoni sifa hii ya nchi yetu: sauti hufika mbali upesi, na miguu hufika kwa taabu. Ndivyo ilivyo habari ya uzazi. Zahanati yafikiwa kwa miguu, na neno la jirani lafika kwa sauti.

Miaka kadhaa iliyopita mwenzetu wa nyumbani alikwenda kumtazama mzazi ng'ambo ya bonde. Alikuwa mama wa watoto watano. Mtoto wake wa nne alikuwa hajatimiza mwaka na nusu, na alikwisha kuachishwa ziwa kwa sababu mama alikuwa na mimba. Siku ya kujifungua alitokwa na damu nyingi mno. Vijana walimchukua kwa machela usiku, katika mvua, wakibadilishana mabega, mpaka walipopata gari. Mwenyezi Mungu akamponya, na mtoto akapona. Huko alikotibiwa bibi mkunga alimwambia, "Mama, mwili wako wataka mapumziko ya miaka miwili isiyopungua," akamweleza njia za kupumzika. Mzazi yule akajibu, "Siwezi. Mwalimu amekataza."

Mwalimu aliyetajwa ni sisi.

Tulipoletewa habari hii tulighadhibika sana. Tukasema, "Huu ni uzushi! Lini tumesema hayo? Nani kayasikia?" Mwenzetu akatutazama kwa upole, akasema, "Usiniulize mimi, Mwalimu. Kila siku wawafundisha watoto habari ya sanad. Nawe ifuate."

Kwa ajili ya vijana ambao bado hawajafika somo hilo, twaeleza. Sanad ni mnyororo wa wapokezi wa habari: fulani kaipokea kwa fulani, naye kwa fulani, mpaka kufika kwa aliyesema. Wanazuoni wa Hadithi hawakuridhika na neno zuri tu. Waliuliza limepitia kwa nani, naye alikuwa na hifadhi ya namna gani, na je, alikutana kweli na yule aliyemtaja? Tena walijua ya kuwa habari yaweza kusimuliwa na watu ishirini, na wote ishirini wakawa wameipokea kwa mtu mmoja. Hapo mashahidi si ishirini. Shahidi ni mmoja.

Sisi, kwa kuwa mwanamume haingii katika mabaraza ya wanawake, tulimwomba mwenzetu atufuatie mnyororo ule. Alichukua mwezi mzima, akiuliza taratibu, kwa heshima, pasipo kumwaibisha mtu. Haya ndiyo aliyoyapata. Mzazi aliambiwa na mavyaa wake, yaani mama wa mumewe. Mavyaa alilipata neno kwa jirani anayekwenda naye gulioni kuuza maharage. Jirani alilipata kwa wifi yake aliyeolewa kijiji cha juu. Wifi alilipata kwa mama mmoja ambaye mwanawe alikuwa akisoma chuoni kwetu. Mama yule alilipata kwa mwanawe. Na mwanawe alilipata kwetu sisi.

Ndipo tulipokumbuka. Alasiri moja mtoto yule alituletea kipande cha karatasi kutoka kwa mama yake. Mvua ilikuwa ikipiga bati, watoto arobaini wanasoma kwa sauti mbele yetu, nasi tumechoka. Mama aliuliza kwa heshima kama sindano ya kuachanisha uzazi ni halali kwa anayenyonyesha. Hatukuisoma karatasi mpaka mwisho. Tulimwambia mtoto, "Mwambie mama, kila mtoto huja na riziki yake," kisha tukamgeukia mwanafunzi mwingine.

Neno lile ni la imani, wala hatulikanushi. Lakini halikuwa jibu la swali lake. Yeye aliuliza juu ya mwili wake, nasi tukamjibu juu ya chakula. Na tazameni neno lilivyokua njiani. Kwa mtoto lilikuwa, "Mwalimu amesema mtoto huja na riziki yake." Kwa mama likawa, "Mwalimu haipendi sindano." Kwa wifi likawa, "Mwalimu amesema sindano ni haramu." Gulioni likawa, "Ni haramu, na vijiti vile vile." Na lilipomfikia mavyaa likawa, "Mwanamke akifa na vijiti mkononi hasaliwi." Mzazi yule alilisikia kwa wanawake wanne mbalimbali, akaona wanne hawawezi kukosea. Kumbe wote wanne walilipata katika kikapu kimoja cha gulioni!

Sura ya Hujurati yatuamrisha kuichunguza habari tuletewayo, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukabaki na majuto. Sisi tuliisomesha sura hiyo miaka mingi, na hatukudhani ya kuwa siku moja mleta habari atakuwa sisi wenyewe.

Msomaji asidhani jambo hili ni la Malindi peke yake. Wataalamu wa elimu ya jamii, akiwemo Bibi Susan Watkins na wenzake, walikwenda Nyanza ya Kusini, nchini Kenya, katika miaka ya 1994 na 1995, wakarudi tena mara mbili mpaka mwaka 2000. Waliwauliza wanawake wa kando ya Ziwa Viktoria: umezungumza na nani juu ya kupanga uzazi? Majibu yakaonyesha ya kuwa wanawake hawa hawakutegemea mabango wala hotuba. Walizungumza na dada, wifi, jirani na shoga, watu wa hali kama zao, tena mara nyingi katika mazungumzo ya kawaida tu. Na mwanamke ambaye wenziwe wa mazungumzo walikuwa wakitumia njia za kupanga uzazi alielekea zaidi kuzitumia naye.

Lakini liko jambo jingine walilolieleza mwaka 2001, nalo latufaa sana. Mahali palipokuwa na soko lenye shughuli nyingi, mazungumzo yaliwapa wanawake elimu: huyu ameona hivi, yule ameona vile, nawe wapima. Mahali pasipokuwa na pirikapirika za soko, ambako wanaozungumza wote wajuana wao kwa wao, mazungumzo yaliwabana: kila mmoja akafuata lifuatwalo na wenziwe. Wakiwa wachache wanaotumia, waliobaki walirudi nyuma. Wakiwa wengi, waliobaki walikwenda mbele. Basi ujirani wa karibu si mbaya wala si mzuri kwa dhati yake. Ni kama mfereji wa shambani. Ukiutilia maji safi hupeleka safi, ukiutilia matope hupeleka matope.

Tanzania nayo ina ushahidi wake. Huduma za kupanga uzazi zilianza na chama cha hiari katika Dar es Salaam mwaka 1959, chama kilichokuja kujulikana kwa jina la UMATI, na mwaka 1974 zikaingizwa katika huduma za serikali za mama na mtoto. Hata hivyo, mnamo mwaka 1992, wake walioolewa waliotumia njia za kisasa walikuwa kiasi cha 7 tu katika kila 100. Mwaka 1993 Redio Tanzania ikaanza mchezo wa "Twende na Wakati", ambao watu wazima wengi wamkumbuka Mkwaju, yule dereva wa lori asiyetulia, na mkewe Tunu. Mchezo huo haukusikika kupitia mtambo wa Dodoma mpaka mwaka 1995, na kwa hiyo wachunguzi waliweza kulinganisha sehemu mbili. Waliona ya kuwa mchezo ulipofika, matumizi ya njia za uzazi yalizidi, na mume na mke walizidi kuzungumza wao kwa wao. Redio haikuingia katika nyumba ikampa mtu dawa. Ilifungua midomo iliyokuwa imefungwa. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha ya kuwa wale 7 wamekuwa 31. Na bado katika kila wake 100 walioolewa, kiasi cha 21 walitaka kuahirisha uzazi au kuukomesha, nao hawatumii njia yoyote.

Ni nani hawa 21? Hatuwezi kumwuliza kila mmoja, lakini katika milima yetu twawajua walivyo. Yuko bibi arusi aliyeletwa kutoka bonde la mbali, ambaye hana dada wala shoga karibu, na njia yake ya kupata habari ni mavyaa wake peke yake. Yuko mke ambaye mumewe yuko Dar es Salaam au Tanga katika biashara ndogo ndogo, hurudi kwa Idi na kuondoka, nao hawapati wakati wa kushauriana. Yuko mama asiyekwenda gulioni kwa kuwa hana cha kuuza. Yuko binti aliyeolewa mapema, aonaye aibu kuketi zahanati mbele ya watu wanaomjua baba yake. Mke wa mwalimu wa shule au wa mwenye duka ana nyuzi kumi za kupata habari. Mmoja ukikatika, tisa zipo. Hawa wana uzi mmoja tu. Huo ukileta uongo, ndiyo dunia yao imeongopa.

Wako wasemao, basi serikali na itoe amri, jambo liishe. Sisi watu wa Usambara twayajua mambo ya amri. Mwaka 1946 serikali ya Kiingereza ilianzisha mpango wa kuzuia mmomonyoko wa ardhi Mlalo, ukaenezwa katika sehemu nyingine za Usambara, na watu wakalazimishwa kupiga matuta katika mashamba yao. Udongo kweli ulikuwa ukichukuliwa na maji, na hilo halina ubishi. Lakini watu hawakushauriwa. Walichukia, wakagoma, na miaka ya 1950 haikuisha ila mpango wenyewe umeachwa. Jambo la haki likiletwa kwa fimbo huchukiwa pamoja na fimbo yake. Ikiwa tuta la shamba halikukubali amri, itakuwaje kwa tumbo la mwanamke?

Sasa twende katika dini, kwani ndiko msomaji atakakotuuliza: je, yafaa au haifai? Sisi si mufti. Twasimulia waliyosema wakubwa, na sanad yake tunayo.

Katika Bukhari na Muslim imepokewa kwa Jabir (r.a.) ya kuwa masahaba walikuwa wakifanya azli, yaani kujitenga kabla ya kumwaga, katika zama ambazo Kurani ilikuwa ikiteremka, wala hawakukatazwa. Imam Ghazali, mwanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafii aliyefariki mwaka 1111, aliiruhusu azli, akataja miongoni mwa sababu zake kuilinda afya ya mke na kuogopa mashaka ya wingi wa watoto. Katika madhehebu yetu wako walioiona kuwa makuruhu, na Ibn Hazm, ambaye si wa madhehebu yetu, aliikataza. Hatufichi tofauti hizo. Sheikh Mahmud Shaltut, aliyekuwa Sheikh wa Al-Azhar tangu 1958 mpaka 1963, alitenga mambo mawili: kuwawekea watu wote mpaka wa idadi ya watoto, jambo ambalo hakulikubali, na mume na mke kupanga uzazi wao kwa haja yao, jambo ambalo alilikubali. Na mwezi wa Disemba 1988 Baraza la Fiqhi la Kiislamu, lililokutana Kuwait, lilitoa uamuzi unaokaribiana na huo. Haijuzu kutunga sheria ya kuwazuia watu uzazi. Haijuzu kuukata uzazi moja kwa moja ila kwa dharura. Lakini kuachanisha uzazi kwa muda kwajuzu kukiwa na haja, kwa shauri na ridhaa ya mume na mke, pasipo madhara, kwa njia iliyo halali, na pasipo kuidhulumu mimba iliyokwisha kuingia.

Ndugu zetu waume, litazameni sharti lile la shauri na ridhaa. Katika Sura ya Bakara, aya ya 233, Mwenyezi Mungu ametaja kunyonyesha miaka miwili kamili kwa atakaye kutimiza. Kisha akataja ya kuwa wazazi wakitaka kumwachisha mtoto kabla ya hapo, iwe kwa kuridhiana na kushauriana. Tazameni! Hata kumwachisha mtoto ziwa, jambo ambalo wengi wetu twaliita la wanawake, Mola wetu amelifanya kuwa la shauri la watu wawili. Basi mke ambaye hapati shauri kwa mumewe atakwenda kulitafuta wapi? Atalitafuta gulioni. Ule mnyororo wa watu watano tuliousimulia haukuwa na mume hata mmoja ndani yake. Kila mke katika wale alimpita mumewe nyumbani, akaenda kumwuliza mtu wa nje. Si kwa kuwa wake ni wabaya, bali kwa kuwa mlango wa nyumbani ulifungwa.

Na wataalamu wa Shirika la Afya la Dunia nao washauri ya kuwa mama akisha kujifungua apumzike miezi 24 isiyopungua kabla ya kuchukua mimba nyingine. Miezi 24 ni miaka miwili. Bibi zetu nao walilijua jambo hili. Walikuwa na neno la kubemenda, wakiogopa ya kuwa wazazi wakikaribiana mapema mtoto anyonyaye atadhoofu. Maelezo yao yaweza kuwa na upungufu, lakini makusudio yao yalikuwa haya haya: mtoto asinyang'anywe ziwa na mdogo wake. Basi asidanganyike mtu kwamba kuachanisha uzazi ni mambo ya kigeni yaliyoletwa kwa meli.

Twapenda tuseme kidogo juu ya njia zenyewe, kwa kuwa penye giza ndipo uongo unapozaliana. Mama anayemnyonyesha mtoto kwa maziwa yake tu, usiku na mchana, na mtoto hajatimiza miezi sita, na siku zake za mwezi hazijarudi, ana kinga kubwa kwa kunyonyesha kwenyewe. Moja la mambo hayo matatu likikosekana, kinga imepungua. Vidonge humezwa kila siku. Havirundikani tumboni kama watu wasemavyo, lakini viko visivyomfaa mwenye mtoto mchanga anayenyonya, na visivyomfaa mwenye shinikizo la damu. Sindano iliyozoeleka huchomwa kila miezi mitatu. Ni kweli ya kuwa huvuruga siku za mwezi, na ni kweli ya kuwa mwenye kuiacha aweza kukawia miezi mingi, pengine karibu mwaka, kabla ya kushika mimba. Hapo ndipo lilipozaliwa neno la kuwa sindano huleta ugumba. Hukawiza, haileti ugumba. Vijiti hutiwa chini ya ngozi ya mkono, hufanya kazi miaka mitatu au mitano kwa aina yake, hupapaswa kwa kidole, na visipopapasika mama arudi zahanati atazamwe. Kitanzi cha shaba hukaa miaka kumi, pengine zaidi, na mama akitaka kuzaa hutolewa. Wala mwenye kufa navyo hakosi kuoshwa wala kusaliwa. Huyo ni maiti wa Kiislamu kama maiti wengine. Katika zahanati za serikali huduma hii ni bure. Anayejua lipi lamfaa nani ni mganga na mkunga, si jirani, wala si mwalimu wa chuo.

Baada ya kuyajua haya tulifanya nini? Kwanza tulisimama msikitini siku ya Ijumaa baada ya sala, tukasema hadharani ya kuwa tulikosea, na ya kuwa hatukuharamisha alilohalalisha Mwenyezi Mungu. Tukadhani mambo yamekwisha. Mwenzetu akatucheka kidogo, akasema, "Mwalimu, neno lilipita kwa wanawake, na sahihisho umelitoa kwa wanaume." Kweli! Waume walisikia, wakavaa viatu vyao, wakaenda zao, wala wengi hawakulifikisha nyumbani.

Basi tulifuata shauri lake. Tulikwenda pamoja naye kwa mama wa yule mtoto aliyeleta karatasi, tukamwomba radhi kwa kutomjibu. Yeye akenda kwa wifi, wifi kwa jirani wa gulioni, na jirani kwa mavyaa. Neno la kweli tulilipitisha katika njia ile ile ya uongo, mdomo kwa mdomo. Bibi mkunga naye alialikwa katika maulidi ya akina mama, akaeleza na kuulizwa maswali mpaka jua likachwa. Mume wa yule mzazi alirudi kutoka Tanga, wakakaa na mkewe na mama yake, wakashauriana, kisha wakaenda zahanati wote wawili. Walichokichagua huko ni siri yao.

Hatusemi ya kuwa wote wameelewa. Hata leo wako wanawake gulioni wasemao ya kuwa Mwalimu amebadili maneno kwa kuwa amepewa fedha. Neno la kwanza hutia mizizi, na la pili hulikuta limekwisha kuota. Kwa ajili hiyo twaandika haya, ili mwingine asije akalipanda kama tulivyolipanda sisi.

Twamaliza kwa nasaha chache.

Ninyi waume, fungueni mlango wa shauri. Mwulize mkeo anaendeleaje kabla hujaulizwa na mkunga. Ukiwa safarini, simu unayo. Kama yatosha kuulizia bei ya kabichi, yatosha kumwuliza mkeo hali yake.

Ninyi mavyaa, mna nguvu kuliko mjuavyo. Kwa mkwe aliyetoka mbali, ninyi ndinyi ujirani wake wote. Mlifanyiwa magumu mlipokuwa wageni. Msilipe ugumu huo kwa asiyewakopesha.

Ninyi masomo na makungwi, mabinti huwasikiliza hata wasipotusikiliza sisi. Mjueni mkunga wa zahanati yenu kabla ya kumfunda mwali.

Ninyi vijana, zamani neno lilichukua mwezi kutoka gulioni mpaka ng'ambo ya bonde; leo kwa simu zenu lachukua dakika. Kabla hujalipeleka mbele neno la afya au la dini, uliza sanad yake. Ukiambiwa "watu wote wasema", jua ya kuwa huenda aliyesema ni mtu mmoja.

Nasi walimu, tukiulizwa tusilolijua, tuseme hatujui. Imam Malik, pamoja na ukubwa wa elimu yake, hakuona haya kusema hajui. Na tukiulizwa tulijualo, tuisome karatasi mpaka mwisho. Aliyeiandika ametafuta muda na ushujaa wa kuiandika, na pengine amemtuma mtoto kwa kuwa hana mwingine wa kumtuma.

Ewe Mola wetu, wahifadhi mama zetu wanapojifungua, wape watoto wetu ziwa na umri, zifungue nyoyo za mume na mke kwa shauri jema, na uzilinde ndimi zetu na neno lisilo na hakika. Amin.

Wassalaam alaykum.